Klipu ya sekunde 41 ambayo sijawahi kuwaonyesha

Mnajua mimi si mtu wa kunyamaza, lakini hii stori nimeikalia karibu mwaka mzima.

Wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu ya ile video ya ndege ndogo iliyoanguka. Ile nyeupe yenye mabawa ya njano. Inapaa vizuri, inainama pua, halafu unaona vumbi tu na unasikia mimi nikipiga nduru. Hakuna kitu nimewahi kupost kikatazamwa na watu wengi hivyo. Mpaka leo, kila wiki lazima mtu anitumie meseji: "Buda, yule fundi alifungwa?"

Leo nataka kuwaambia kuhusu video nyingine. Ni ya sekunde 41. Niliirekodi dakika chache kabla ya hiyo mnayoijua, na iko kwa laptop yangu tangu siku hiyo. Watu ambao wameiona hawajafika watano.

Kwanza wacha niwaeleze ndege yenyewe, juu kwa komenti wengine mliiita "drone kubwa" na wengine mkasema ni toy. Si toy. Ni ndege nyepesi ya watu wawili. Mifupa yake ni mabomba ya alumini, na juu ya hayo mabomba kumevutwa kitambaa kigumu kama cha hema. Ikiwa haina mtu, watu wawili wanaisukuma kwa mikono kutoka kwa banda lake. Haina kompyuta ya kukusaidia kuruka. Kila kitu rubani anafanya kinaenda moja kwa moja, kutoka mkononi hadi kwa bawa au mkiani, kupitia kebo na vyuma.

Kati ya magoti ya rubani kuna fimbo. Akiivuta, chuma kirefu kinachopita chini ya kiti kinasukuma kibao kilicho mkiani. Kibao kinainuka, mkia unashuka, pua inapanda. Akiisukuma mbele, pua inashuka. Ni hivyo tu. Baiskeli yako inafanya kazi kwa akili hiyo hiyo: unafinya breki hapa, waya unavuta kule.

Sasa pale chuma kinapokutana na kibao kuna bolti moja. Bolti inashikwa na nati yenye meno juu, kama taji. Na katikati ya yale meno kunapita pini nyembamba ambayo ncha zake zinakunjwa. Ukiiona utadhani ni pini ya nywele ya dadako. Kazi yake ni moja: kuzuia nati isizunguke injini ikitetemesha ndege. Pini ikiwepo, nati haiendi popote. Isipokuwepo, nati inaweza kukaa saa moja, inaweza kukaa siku nzima, lakini mwishowe inajifungua yenyewe, kidogo kidogo, bila sauti.

Mnaanza kupata picha.

Ilikuwa Jumamosi, kwa kiwanja cha nyasi upande wa Kajiado. Nilikuwa nimesumbua Kapteni kwa mwezi mzima anipeleke juu nishoot Nairobi kwa mbali na mbuga chini yake. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, mpole, anaruka tangu kabla mimi nizaliwe. Alikubali kwa bei ya mafuta tu. Tulipanga hivi: kwanza aruke peke yake, azunguke mara moja nimpige picha kutoka chini, halafu ashuke anichukue.

Nilichelewa. Jam ya Mombasa Road, mnaijua. Nilifika saa kumi na moja na nusu jioni, jua limeanza kuwa lile la dhahabu ambalo kila mtu wa video analitafuta. Ukilipata una kama nusu saa, ukizubaa limeenda. Kwa hivyo nilishuka kwa gari nikikimbia, kamera tayari mkononi.

Kapteni alikuwa ameanza kuikagua ndege. Hicho ni kitu rubani hufanya kabla ya kila safari: anaizunguka ndege yote kwa miguu, anashika hiki, anatikisa kile, anaangalia kila nati na kila kebo. Haijalishi kama imeruka asubuhi. Na hii ilikuwa imeruka mara mbili asubuhi hiyo, vizuri tu. Siku moja kabla, fundi alikuwa ameifanyia servisi, ikiwemo kubadilisha kipande kilicholika pale pale mkiani.

Hapo ndipo ile klipu inaanza.

Sekunde ya kwanza mpaka ya 15, unamwona Kapteni akipapasa bawa la kushoto. Anatikisa kibao chake, anainama, anachungulia, anaendelea. Sekunde ya 20 amemaliza bawa na ameanza kutembea kuelekea nyuma. Mkono wake wa kulia unateleza juu ya kitambaa, ile namna mtu anapitisha mkono kwa ng'ombe wake. Amebakisha hatua kama tatu afike mkiani.

Sekunde ya 26, sauti yangu: "Kapteni! Rudi kidogo hapa mbele, nikupige ukiwa na jua nyuma yako. Mwanga unaisha!"

Anasimama. Anaangalia mkia, ananiangalia mimi. Anacheka. Anarudi mbele, anaegemea propela, anaweka mikono kiunoni kama modo. Mimi nasikika nikisema, "Fiti sana! Sasa twende, twende."

Sekunde ya 41, nazima kamera.

Hakurudi mkiani. Aliingia, akafunga mkanda, akasogeza fimbo mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kila kitu kilicheza sawa, kwa sababu bolti ilikuwa bado iko ndani. Hiyo ndiyo inaniuma sana. Fimbo haingemwambia kitu. Macho yake ndiyo yangemwambia, kama yangefika mkiani.

Yaliyofuata mliyaona. Ndege ilipaa, ikafika urefu kama wa ghorofa tano, bolti ikatoka. Kapteni aliniambia baadaye kwamba fimbo ilikuwa mkononi ghafla kama mwiko kwa sufuria tupu. Unaukoroga na hakuna kitu. Alijaribu kuinua pua kwa kutumia injini peke yake. Haikutosha. Aliangukia vichaka vya miiba baada ya mwisho wa kiwanja. Mguu ulivunjika mahali pawili, na uti wa mgongo ukaumia. Anaishi. Anatembea kwa fimbo, nyingine sasa.

Usiku huo nilipost ile video. Sitawadanganya, sikungoja hata kujua kama mzee ametoka theatre. Kufikia asubuhi ilikuwa kila mahali. Na kufikia mchana ilikuwa imejulikana kwamba pini haikuwepo, kwa sababu fundi mwenyewe alienda akasema. Alikuwa amerudisha bolti na nati, akaenda kutafuta pini mpya, akaitwa kusaidia kusukuma ndege nyingine. Aliporudi akaendelea na kazi iliyofuata kwenye orodha. Kwa kichwa chake, mkia ulikuwa umeisha.

Komenti mnazikumbuka. "Fundi afungwe." "Mafundi wa Kenya ni wauaji." Msee mmoja aliweka picha yake. Na mimi, na hapa ndipo naona aibu kabisa, nilibandika komenti juu: "Mafundi wetu jamani, uzembe utatumaliza." Nilipata likes elfu kadhaa kwa hayo maneno.

Siku ya nne nikapigiwa simu na mchunguzi wa ajali. Kwa sauti ya upole tu akaniambia wangependa video zote nilizorekodi siku hiyo. Zote, hata zile ambazo hazina maana.

Usiku nikafungua folda. Nilikuwa nimesahau kabisa ile klipu. Niliitazama mara moja, nikarudia kutoka sekunde ya 20. Halafu nikaikalia hadi saa nane usiku, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Nani angejua? Kapteni alikuwa kwa dawa za maumivu, hakumbuki vizuri. Fundi alishakubali kosa. Kesi ilikuwa imejifunga yenyewe. Mimi nilikuwa mwathiriwa, shahidi, mtoto wa watu aliyeona mambo mabaya.

Sikuifuta. Ningependa kusema ni ushujaa, lakini ni uoga wa kawaida: niliogopa kuwa mtu ambaye anajua alifuta. Asubuhi nikaituma.

Mchunguzi aliitazama mbele yangu. Nilikuwa nangoja anikaripie. Akaandika kitu, akasema, "Asante, hii inatusaidia." Halafu akaniambia kitu ambacho kimenifanya nisome ripoti za ajali za ndege kwa miezi. Alisema kwamba wao hawatafuti nani alaumiwe. Wanatafuta ni milango mingapi ilikuwa wazi ndio shida ikapita.

Nikaanza kusoma. Wacha niwape mbili tatu.

Tarehe 26 Agosti 2003, ndege ya Beechcraft 1900D ilipaa kutoka Hyannis, Massachusetts, Marekani. Haikuwa na abiria, marubani wawili tu, ilikuwa inahamishwa kwenda Albany. Ilikuwa safari yake ya kwanza baada ya matengenezo. Mafundi walikuwa wamebadilisha kebo ya kile kifaa cha mkiani kinachompunguzia rubani uzito wa usukani, lakini waliifunga kinyume. Rubani akizungusha gurudumu kuinua pua, pua inazidi kushuka. Ilianguka baharini muda mfupi tu baada ya kupaa, na wote wawili wakafa.

Mafundi wazembe, sivyo? Ngoja. Uchunguzi ulikuta kwamba kazi ilipoisha haikujaribiwa vile inavyotakiwa. Ukakuta kwamba marubani hawakufuata orodha ya ukaguzi ambayo ingewaonyesha kifaa kinaenda upande usio sawa. Na ukakuta kwamba kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji wa ndege kilikuwa na mchoro uliogeuzwa. Kitabu chenyewe! Hapo kuna milango minne, na yote ilikuwa wazi siku moja.

Ya pili: Reno, Nevada, 16 Septemba 2011, mashindano ya ndege. Ndege ya zamani ya kivita aina ya P-51, iliyorekebishwa kwa mbio, ilipoteza mwelekeo ikaanguka karibu na watazamaji. Rubani alikufa pamoja na watu 10 waliokuwa chini, na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Chanzo kilianzia kwa nati. Kuna aina ya nati inayojifunga kwa kipande laini ndani yake, na kipande hicho kikichoka, nati haishiki tena. Zile za mkiani zilikuwa zimechoka, skrubu zikalegea, kibao kidogo kikaanza kutetemeka kwa kasi ile, kikavunjika. Kitu kinachotoshea kiganjani kikaua watu 11.

Na ya tatu ni ya zamani, lakini ndiyo imenibadilisha. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Ohio, kampuni ya Boeing ilikuwa inaonyesha ndege mpya ya jeshi, Model 299, yenye injini nne. Ndege ikiwa imeegeshwa, vibao vyake hufungwa na kufuli ili upepo usivipigepige. Siku hiyo kufuli halikutolewa kabla ya kupaa. Ndege ikapanda, ikasimama hewani, ikaanguka, na wawili wakafa. Aliyekuwa akiiongoza hakuwa mwanafunzi. Alikuwa rubani wa majaribio, kati ya wazuri zaidi jeshini. Wenzake hawakusema "tutafute rubani mwerevu zaidi." Walisema hii ndege ina vitu vingi sana vya kukumbuka kwa kichwa, wakaandika orodha ya kufuata kabla ya kuruka. Ndege hiyo ikaja kuwa B-17, maarufu kwa Vita vya Pili vya Dunia. Na ile tabia ya orodha ikaenea kwa marubani wote.

Hiyo orodha ndiyo Kapteni alikuwa anafuata kwa miguu yake, akiteleza mkono juu ya kitambaa. Na mimi nikamwita akiwa hatua tatu kabla ya mwisho.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Lakini fundi bado ndiye hakuweka pini." Ndiyo. Sikatai. Na pia hakukuwa na mtu wa pili wa kuangalia kazi yake. Kwenye ndege kubwa, ukigusa kitu chochote cha kuiongoza, mtu mwingine ambaye hakufanya hiyo kazi lazima aje aangalie kabla iruke. Kwa kiwanja kidogo, fundi ni mmoja, na macho ya pili huwa ni ya rubani. Yaani Kapteni ndiye alikuwa mlango wa mwisho. Mimi niliufungua kwa sababu ya mwanga mzuri.

Nilimtafuta fundi. Alikuwa ameachishwa kazi, amerudi kwao, anatengeneza pikipiki. Ana miaka 24, mwaka mmoja tu kunizidi. Nilimpigia nikiwa nimeandika hotuba nzima kwenye karatasi. Nikamweleza kuhusu sekunde ya 26. Akanyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikadhani network imepotea.

Akasema, "Bro, pini ni mimi. Hata kama hungemwita, pini bado ni mimi."

Nikasema najua, lakini.

Akanikatiza. "Ile video yako bado iko?"

"Gani?"

"Ya kuanguka. Ile umeandika mafundi wazembe. Mamangu huonyeshwa na watu wa soko."

Sikuwa na jibu. Niliitoa jioni hiyo hiyo. Kama mlijiuliza kwa nini video yangu kubwa kuliko zote ilipotea, ndiyo hiyo sababu. Najua nakala zake bado zinazunguka huko nje na siwezi kuzirudisha. Aliponiuliza kama nimeziondoa zote, ilibidi nimwambie ukweli, na hakuniambia nisijali.

Kwa Kapteni nilienda mwenyewe. Nilibeba matunda kama mtu anayeenda kuona mgonjwa wa kawaida. Nikamwonyesha klipu kwa simu. Aliivuta karibu na uso, akaitazama mpaka mwisho, akanirudishia.

"Kijana wangu," akasema, "wewe si rubani. Mimi ndiye nilirudi mbele. Ningekwambia ngoja, ungengoja?"

"Ningengoja, Kapteni."

"Basi hiyo ni yangu." Akamenya chungwa polepole, akaongeza, "Lakini siku nyingine ukiona mtu anakagua kitu, funga mdomo."

Ndiyo maana nimeandika hii. Wengi wetu hatutawahi kukaribia ndege ya kitambaa. Lakini kila siku tunamharakisha mtu ambaye kazi yake ni kuangalia. Dere anazunguka matatu akipiga magurudumu teke asubuhi, sisi ndani tunapiga kelele "songa, tumechelewa." Mtu wa boda anainama kuangalia breki, unamwambia "iko sawa bana, twende." Nesi anasoma jina kwa karatasi mara ya pili, mtu kwa laini anasonya. Fundi wa gesi anapaka sabuni kwa mpira kuona kama inavuja, unamwuliza kama atalala hapo. Halafu kitu kikiharibika, tunatafuta fundi mmoja wa kusulubisha mtandaoni, na tunalala vizuri.

Mimi sasa nina sheria mbili ndogo. Mtu akiwa anakagua kitu, simwiti, na kamera naishusha. Nikimkatiza kwa bahati mbaya, namwambia: "Samahani, anza tena kutoka mwanzo." Anza mwanzo, juu ukikatizwa, kichwa kinakumbuka kama umemaliza, hata kama ulikuwa umebakisha hatua tatu.

Na ukiwa wewe ndiye unayekagua, na kuna kijana mwenye kamera anapiga kelele kuhusu jua, mwache apige. Jua litarudi kesho jioni, saa ile ile.

Sitaipost ile klipu ya sekunde 41. Si kwamba naificha. Wanaohitaji kuiona wameiona. Ni kwamba najua mtaifanyia nini. Mtasimamisha kwa sekunde ya 26, mtaweka uso wangu, mtaandika "huyu ndiye," na mtamsahau mtu wa pili wa kuangalia ambaye hakuwepo.

Wiki jana fundi alinitumia picha. Pikipiki ya mteja, gurudumu la nyuma, pini mpya kabisa imekunjwa vizuri kwa bolti ya breki. Hakuandika chochote. Nilimjibu tu, "Nimeiona."